Fungula ya Benz ya Papa

Mama, ukifika tu, toa fungula ya Benz mu mufuko wa bunga! Na usifungulie muntu mulango wa lupango, ule wa inje.

Leo asubui nilipiga video, naeleza vile Papa anachungaka motoka yake: batri analala nayo, fungula anazika mu bunga. Nikaitia ku statut ya WhatsApp. Bantu bakacheka mingi! Kisha Yaya Fidélie akaniandikia: "Weye, kichwa yako iko muzima? Na bezi ba motoka banaona!" Nikafuta mbio.

Lakini Papa alikuwa amekwisha kuiona kule ku kazi, Kakanda. Akafurahi, akaitia na ku statut yake. Sasa simu yake imezimika. Naenda Shituru, ku biro ya kazi yake, kutafuta numero ya chef yake, amuambie Papa aifute.

Fungula, ~~ficha mu matelas ya kitanda~~ ficha kwenye unataka, lakini miye usiniambie.

Mutoto wako mwenye kinywa,
Jaël