Uliniambia Limi Amelala

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka, Baba. Najua barua hii huenda ukaisoma jioni, lakini nakusalimu ya asubuhi kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha tulipokuwa tunakutana zizini. Magoti yako yanasemaje? Mayu anakula? Mjomba aliniambia mama yangu bado anaacha chakula kwenye sahani, anadai ameshiba kwa kuonja. Na yule ng'ombe mwekundu mkorofi, bado anavunja ua wa jirani? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya niandike.

Utajiuliza kwa nini nimechukua karatasi wakati simu ipo. Simu naiogopa, Baba. Kila nikiona jina lako kwenye kioo nasikia lile neno "amelala", na mkono unakataa kupokea. Ndiyo maana umepiga na kupiga bila kunipata. Sikuwa nimebanwa na kazi kama nilivyomwambia Mjomba. Nilikuwa na hasira na wewe.

Acha nianze mwanzo, maana mimi na wewe hatujawahi kuliongea jambo hili hata siku moja.

Kazi yangu unaijua. Niko kwenye chumba baridi cha ghala la dawa la serikali, navaa koti zito na soksi mbili huku nje jiji linachemka, na wenzangu wananiita Mzungu wa Itilima. Chanjo na insulini za mikoa mingi zinapita mikononi mwangu. Mdogo wangu Limi alikuwa anajisifu kliniki kwa wagonjwa wenzake wa sukari kwamba dawa yao wote imeshikwa na dada yake. Kichupa chake mwenyewe alikuwa anakiweka kwenye chungu kidogo, ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, pale nyuma ya jiko, na ole wake kuku atakayekisogelea.

Halafu msimu ule wa palizi ya pamba meli zikachelewa. Tuliambiwa huko baharini kuna vita na meli zinazunguka mbali. Insulini ikaisha Bariadi, wewe ukapanda baiskeli na mabasi mpaka maduka ya dawa ya Nyalikungu, huko nako hakuna. Mimi nikazunguka maduka ya Kariakoo, kila mahali naambiwa nirudi wiki ijayo. Nikirudi kazini nasimama mbele ya rafu tupu. Baridi ipo, dawa hakuna. Limi akaanza kupunguza kipimo ili kichupa kimfikishe mbali, mpaka mkampeleka hospitali mjini akiwa hawezi kukaa mwenyewe.

Serikali ikakodi ndege. Mzigo uliposhuka tulipakia mpaka vidole vikafa ganzi. Mchana ule nikampigia Limi, sauti yake imekauka lakini utani haujamwisha.

"Dada, weka alama kwenye boksi la kwetu, wasije wakanipa la watu wa Tabora."

"Niweke alama gani?"

"Jina langu si unalijua? Nichore mimi."

Nikachora jua kubwa kwa kalamu ya wino mzito, na miale yake pande zote. Wenzangu wakashangaa, nikawaambia kwetu Limi maana yake ni jua. Sikumsikia tena mdogo wangu baada ya hapo.

Lori letu aliliendesha Mzee Shomari, dereva wa siku nyingi. Alipoipita Shinyanga akakuta mvua imebeba daraja. Njia nyingine anaijua, ile ya kuzunguka Mwanza mpaka Lamadi halafu kushuka Bariadi, ila wakati ule dereva hakuruhusiwa kubadili njia mpaka apewe kibali kutoka huku. Akakaa pale na majokofu yake akisubiri kibali. Mimi nasubiri huku, ninyi mnasubiri huko.

Kila jioni nikawa nakupigia. Siku ya kwanza nilikuagiza umwambie Limi kwamba boksi lake nimelichora jua.

"Baba, Limi vipi?"

"Amelala, mwanangu."

"Mpe simu nimsikie kidogo tu."

"Muache apumzike."

Nami nikafurahi kwamba analala! Nikamwambia jirani yangu hapa kwamba mgonjwa akipata usingizi ni dalili njema. Kisha siku moja ukanipigia wewe: "Dawa imefika, mwanangu. Nimeiona kwa macho yangu." Baba, nilicheza. Nilicheza ngoma ya kwetu katikati ya ghala, na koti lile zito mwilini, wenzangu wananipigia maboksi matupu. Ukasema basi nije nyumbani mara moja, nimsalimie mdogo wangu. Nikamnunulia viatu vya raba alivyokuwa ananiagiza.

Niliposhuka stendi ya Bariadi, Mjomba alikuwa ananisubiri, kichwa kimenyolewa. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa viatu.

Desturi naijua. Kwetu mtu aliye mbali peke yake hapewi msiba kwenye simu, huambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo, mpaka afike kwa watu wa kumshika. Hata babu alipofariki, mimi ndiye niliyemwambia Limi akiwa shule ya bweni kwamba babu anaendelea vizuri. Lakini ilipofika zamu yangu niliona nimeibiwa. Mlimzika bila mimi, na siku ninayocheza ghalani udongo wake ulikuwa bado mbichi. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake siku chache, nikapanda basi bila kukuaga. Uliniona, Baba. Ulikuwa umesimama pale zizini, na mimi nikageuza uso.

Sasa sikia mambo ya huku. Baada ya yale yote wakaja wakubwa kutoka wizarani, wakatukusanya na kutueleza kwamba serikali inaimarisha mnyororo wa ugavi wa dawa muhimu. Nilikuwa nimenuna nyuma ya wenzangu, lakini yule mama aliyekuwa anazungumza alieleza kwa maneno ya kawaida. Dawa za watu wasioweza kukaa bila dawa zitawekwa akiba mikoani kabla ya mvua, kwenye majokofu ya umeme wa jua. Hospitali itatoa taarifa mapema, haitasubiri rafu iwe tupu. Dereva akikuta daraja limeondoka, anageuza gari palepale. Nikakukumbuka wewe na mnyororo wa plau, unavyoukagua pete moja moja kabla ya kulima, na ile pete ya akiba uliyoitundika ukutani jikoni. Nikalia mbele ya watu. Wakadhani naumwa.

Ghala moja la akiba linafunguliwa Bariadi. Wanataka mtu aliyezoea chumba baridi na anayejua Kisukuma. Wakaniita mimi. Nikakataa. Nikawaambia nipelekeni Mtwara, nipelekeni Kigoma, Bariadi sirudi. Nitawezaje kujaza jokofu pale, kila kichupa ninachokishika naona ni kile ambacho Limi hakukipata? Na nyumbani nitakaaje na wewe, tukisalimiana tu kama wapita njia?

Juzijuzi Mzee Shomari alikuja kunywa chai kwenye kibanda chetu. Hakuwa amejua kwamba msiba ule ulikuwa wangu. Akawa anawasimulia vijana habari za safari ile ya Lamadi.

"Nafika pale hospitali, nikamkuta mzee mmoja kanyoa kichwa, anatusaidia kushusha mzigo," akasema. "Kila boksi analigeuza upande huu na upande huu. Namuuliza, mzee, unatafuta nini? Ananiambia natafuta lenye jua."

Nikaweka kikombe chini.

"Akalipata?" nikamuuliza.

"Akalipata. Akalikumbatia mwenyewe mpaka ndani. Walipolifungua akaomba kile kipande chenye mchoro, akakikunja na kukitia mfukoni. Nikamuuliza mgonjwa wako yuko wodi gani? Akaniambia, amelala."

Baba, mfiwa hatoki kwenye mkeka. Watu wamekaa kwako, wanakuja kukupa pole, na wewe ukachukua baiskeli kutoka Mwamapalala mpaka mjini kwenda kupokea dawa ya mtoto uliyekwisha kumzika, ili utakaponiambia umeiona iwe ni kweli. Na mimi nilikuwa nakuita mwongo moyoni mwangu muda wote huu. Nilikuwa nadhani wewe ulikuwa na watu wa kukushika. Kumbe na wewe ulikuwa unazunguka peke yako na hilo neno.

Kesho yake nilirudi ofisini kusema nimekubali. Nakuja, Baba. Nakuja kukaa.

Nisalimie Mayu, umwambie asikitumie kile chungu cha Limi kwa maji wala asikitupe. Nisalimie Mjomba, aliyenishika pale stendi nisianguke, na shangazi aliyelala na mimi kwenye mkeka. Msalimie katekista wetu, nitamwomba anisomee sala pale kaburini, maana ile ya kwanza sikuisikia. Majirani wote waliochimba kaburi wafikishie asante yangu, wabeja sana.

Nina ombi moja tu. Safari hii usimtume Mjomba, njoo stendi wewe mwenyewe. Usiniulize habari za safari, usinipokee mzigo. Nishike mkono, uniambie Limi amekufa. Hujawahi kuniambia, Baba. Nataka nilisikie kwako, halafu tulie.

Mwanao,
Minza