Kitambaa Kilichopigwa Chaki

Dada yangu,

Cherehani yangu ni nzima na wateja hawajapungua. Sare za kwaya nimezimaliza juzi, na yule mwalimu wao mbishi hakupata kasoro.

Nilikuandikia kwamba uvimbe wa titi ni kitu kidogo. Nilikudanganya. Ni saratani, na Jumatatu naanza matibabu ya mionzi. Wamenichora kifuani alama za wino ili mashine ilenge palepale. Nami fundi najua kitambaa kikishapigwa chaki hakikunjwi mpaka kikatwe. Basi siku tisa, kila usiku nimelala chali kama ubao, nikiikodolea dari macho, nikiogopa kuzifuta.

Jana nesi aliniuliza mbona macho yamekuwa mekundu. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi. "Mama, wino huu haufutiki kwa kujigeuza. Lala utakavyo."

Nikarudi nyumbani roho kwatu. Usiku nikageukia kushoto, nikageukia kulia, nikajikunja kama mtoto. Usingizi haukuja. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nausingizia wino.

Unakumbuka tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, kila asubuhi nikikusemea kwa mama kwamba unakoroma kama mashine ya kusaga? Siku hizi nyumba imenyamaza mno, nasikia hata saa ya jirani.

Usihangaike kuniletea kitu. Upande wa ukutani ni wako, nimeshautandika. Njoo ukorome.

Mdogo wako,
mshonaji