Maharage Juu ya Majina

Muyinga, 3 Juni 2013

Mwanangu Audax,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, mgongo tu. Dada yako Lucia mzima, na mtoto wake Bahati ameota meno mawili, anauma kila mtu. Jirani Gaudensia anakusalimu, anauliza huyo mchumba unampa chakula ama maneno matupu. Mbuzi nao wazima. Na wewe huko Musinzira, unakula? Kile kifua kimepona?

Simu sikutaka. Majina ya marehemu siwezi kuyapigia kelele jirani akisikia. Mzee Simoni wa Ryansoro, babu yake Letisia wako, amenitumia neno. Amesikia marehemu baba yako Crispin alikuwa mtoto wa Matata. Anasema yeye na Matata ni watu wa ukoo mmoja, walipotezana mwaka wa sabini na mbili wakati wa kukimbia mauaji. Kabla ya mahari anataka ijulikane nyinyi wawili mnakutana kwa babu yupi. Mkikutana karibu, hakuna ndoa.

Tangu siku hiyo nikiwa napika nasikia kama mtu ameingia. Nageuka, hakuna.

Mama yako,
Paskazia


Musinzira, Gitega, 11 Juni 2013

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ninakula. Mwambie Mama Gaudensia Letisia nampa vyote viwili.

Usiogope. Jambo hili ndilo ninalowafundisha wanafunzi wangu wa kompyuta kila mwaka. Tunachora mti kichwa chini: mkubwa wa wote juu, chini yake watoto wawili, na kila mmoja wawili wake. Wewe tumia karatasi na maharage. Anza kwangu, ukipanda juu: mimi, baba, babu Matata, baba yake, mpaka juu. Kila jina weka harage. Kisha panda upande wa Letisia. Jina la kwanza utakalolikuta lina harage tayari, huyo ndiye babu yetu wa pamoja.

Mama, awe mbali. Mimi bila Letisia sijui nitaishije.

Mwanao,
Audax


Muyinga, 29 Julai 2013

Mwanangu Audax,

Hujambo, baba? Lucia, Bahati, Gaudensia, sote wazima. Najua umeandika tena mara mbili na sikujibu. Nisamehe.

Nilifanya ulivyosema. Lucia aliandika majina, mimi nikaweka maharage. Unasema kila mtu watoto wawili. Wetu walikuwa wengi, ila ukihesabu waliovuka mpaka wakiwa hai, kweli ni wawili wawili. Kwa Simoni tu ndiko alikuwa mmoja, baba yake Letisia. Nikapanda: baba yake, Simoni, baba yake Simoni, halafu mzee Ndabaniwe. Hapo harage lilikuwa limeshakaa. Karibu mno.

Lakini nilijua karatasi inadanganya. Baba yako hakuzaliwa na Matata. Matata alimwokota karibu na mpaka wa Kobero, kwenye migomba, ana kama miaka mitatu, analia peke yake. Kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, akamwandikisha kama wake apate posho. Tuliporudi, hata shamba hili tulipewa kwa jina hilo, ndiyo maana nilinyamaza. Na baba yako alinikataza kukuambia. Basi nikatoa harage la Matata. Juu ya baba yako hakubaki mtu.

Nikapanda gari mpaka Ryansoro, nikasema mbele ya wazee: hawa si damu moja, waacheni waoane. Nilidhani Simoni atafurahi. Akauachia mrija wa pombe.

"Mama Audax," akasema, "mimi umeniwekea mtoto mmoja. Nilikuwa na wawili."

Yule mdogo, wa kiume, alimponyoka mkewe watu wakisukumana kuelekea mpaka. Mwaka ule ule. Akauliza mtoto aliokotwa amevaa nini. Nikasema sijui, na kweli sijui. Akauliza Crispin alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kumweleza, akalia kabla sijamaliza.

Letisia hajaambiwa. Simoni anataka uende peke yako kabla ya Jumapili. Hataki maneno, anataka kukutazama uso tu. Nimeitoa picha yako ya shule, natafuta uso wangu humo, siupati. Ni Crispin mtupu.

Abubakari, dereva anayekuletea barua hii, anarudi huku Alhamisi. Mpe jibu, hata mstari mmoja, niambie kama utakwenda. Usinicheleweshe, mwanangu.

Mama yako,
Paskazia