Moshi wa Tanuri la Pili

Dada yangu mpendwa,

Huku watoto wazima. Mdogo ameng'oka jino la kwanza, anajiona mtu mzima. Mumeo anaendelea vizuri wodini. Jana alikula akamaliza, akadai mimi ndiye ninayestahili kitanda kile, kwa kitambi hiki.

Najua amekupigia simu akasema ni uchovu tu. Dada, ananisitiri. Feni ya kuvuta moshi kwenye tanuri la pili la kuyeyushia chuma, analofanyia kazi, iliharibika miezi minne iliyopita. Mimi, msimamizi wa mumeo kazini, kila wiki nilitia sahihi kwamba inafanya kazi, nisionekane mkorofi kwa meneja.

Jumatatu aliniambia, "Shemeji, kifua kinanibana."

Nikamjibu mbele ya wenzake, "Uvivu huo. Rudi motoni!"

Wakacheka. Naye akacheka, akarudi. Haikupita saa akaanguka.

Daktari alisema ni moyo. Akauliza kama kazini kuna moshi, maana moshi na joto huuelemea moyo. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Mumeo akanitazama, kisha akasema, "Hapana daktari, kwetu hewa ni safi."

Leo asubuhi nimemweleza daktari ukweli, kisha nikaenda kwa meneja. Tanuri limezimwa, nami nimesimamishwa kazi. Lakini mumeo bado sijamwomba radhi. Tangu hapo nimefika mlangoni mwa wodi mara mbili, na mara zote mbili miguu imenirudisha nje.

Kaka yako, nisiye na uso wa kukutazama.