Tishati za Nimemaliza

Jumanne, 22 Julai 2025

Leo Zedekiah amenipa namba. Si ya simu — namba ya kukimbia! Yeye ni bosi wangu, na ndiye atachapa mabango na tishati za ile marathon ya Dagoretti, ya barabara ya vumbi, mwezi wa kumi. Waandaaji wamempa nafasi ya bure. Na yeye goti lake hulia kama mlango wa choo. Akasema, "Kasiva, si wewe ndio hutoka steji ya matatu mbio kila asubuhi ukichelewa? Chukua."

Nikauliza ni kilomita ngapi. Arobaini na mbili. Nilicheka mpaka nikakaa kwa katoni.

Halafu akanionyesha mfano wa tishati. Kijani, maandishi meupe kifuani: NIMEMALIZA. Wa kilomita kumi watapewa chupa ya maji tu. Hii ni ya wale wa arobaini na mbili, tena wakifika kabla ya saa saba mchana.

Nimeifikiria kutoka kazini River Road mpaka nyumbani Uthiru. Shule niliachia Form Two, kwa kukosa karo. Ushonaji niliachia kwa kushona mikono ya shati, tumbo likawa kubwa hata siifikii cherehani. Nataka kumaliza kitu. Kimoja tu. Kwa miguu yangu.

Nikamwambia Muema tukila. Mume wangu si mtu wa maneno ya haraka. Alitafuna, akatafuna. Kisha, "Na mtoto?"

Mwongeli ana miezi saba na meno mawili. Ananyonya kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

 Namba nimeificha chini ya godoro.

Jumapili, 27 Julai

Nimekimbia! Kabla ya kanisa. Nikamwachia Muema mtoto amelala, nikashuka barabara ya maramu kuelekea Dagoretti. Mwanzo niliona aibu, nikajifanya nakimbilia kitu. Mtu akipita, napunguza, natembea kama mtu wa heshima zake. Akipita tu — mbio.

Vumbi jekundu mpaka kwa meno. Penye machinjio yale makorongo makubwa, ndege wa kula mabaki, yamesimama kwa paa kama wazee wa kanisa, yananiangalia. Nikayaambia bwana asifiwe. Yakanyamaza.

Kurudi nilitembea. Mlima ule si mchezo.

Nanyama wa mlango wa pili alikuwa nje anaanua nguo. Yeye ndiye hubaki na Mwongeli nikiwa kazini. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwa raba. "Mama Mwongeli! Nani anakufukuza? Niambie nichukue mwiko!"

Nikamwambia ukweli. Alishika kiuno, akacheka, kisha akasema, sasa mwenye kunyonyesha akikimbia, si maziwa itakuwa maziwa lala, yale ya kuganda?

Jumanne, 29 Julai

Susu amepiga simu kutoka Mwala. Mama yake Muema. Habari zimemfikia, na najua ni mwanawe amezipeleka. Hakunikataza. Alisema tu, mwanangu, maziwa ya mtu aliyetoka juani ni moto. Usimpe mtoto hivyo. Kaa kwanza kivulini, jipanguse na maji, kamua ya kwanza umwage chini, ndipo umpe.

Nikasema ndiyo, mama.

 Halafu akauliza, kwani hiyo mbio mtu akimaliza anapewa nini? Nikasema tishati. Akasema, "Hm." Sijui hiyo "hm" ni ya kupenda au ya kushangaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Miguu. Miguu. Miguu. Kushuka ngazi za kazini nilishuka kinyumenyume.

Mwongeli amesema "ta." Muema anadai ni "tata," yaani baba. Mimi nasema ni "tamu."

Jumamosi, 30 Agosti

Leo nimezunguka njia yote ya marathon, mzunguko mmoja. Siku ya mbio ni mizunguko miwili. Unaanzia uwanja wa shule Dagoretti, unapita Uthiru, Gitaru, ukingo wa msitu wa Thogoto, unarudi Dagoretti, na pale pale shuleni ndio mwisho wake. Nimekimbia kilomita nyingi, nimetembea chache. Kwa msitu kuna ubaridi mtamu sana, na majani yaliyoanguka, hata nikasahau kama nimechoka. Nikaimba. Hakuna aliyesikia, isipokuwa ng'ombe mmoja.

Kabla ya msitu, penye mashine ya kusaga unga, nilimkuta Nanyama kwa kivuli na mtoto, vile tulipanga. Nikajipangusa, nikamwaga ya kwanza, nikakaa. Mwongeli alinusa vumbi langu, akapiga chafya, akaanza kunyonya. Alinikazia macho akanishika pua. Kama anauliza, ulikuwa wapi wewe?

Nanyama anasema, siku yenyewe atakaa hapo hapo, mpaka nipite mara zote mbili. Kwa sababu kikombe Mwongeli amekikataa. Uji amekataa. Kijiko anakitemea. Nanyama anasema huyu ni mwanasiasa, anataka maziwa ya mwenyewe tu.

Jumatano, 10 Septemba

Kazini msiba na kicheko. Tishati za kwanza zimeharibika, boksi nzima! Zedekiah alinunua mashine nyingine ya kupiga pasi maandishi, ya mkono wa pili, na sahani yake ya kuwekea tishati imekaa mshazari. Hakuangalia. Sisi pia hatukuangalia, tulikuwa tunakimbizana na kazi. Kutoa ya mwisho ndio tukaona: NIMEMALIZA inapanda. Inaanzia karibu na tumbo inaishia begani.

Zedekiah alikaa chini kabisa. "Hii ni NIMEMALIZA ya mlimani," akasema. Waandaaji wamezikataa. Vitambaa vingine vya kijani havipatikani haraka, kwa hivyo watapata pungufu. Wa nyuma nyuma watakosa.

Akasema tuzigawe zilizoharibika, zisimkere macho. Nimebeba furushi mpaka ploti, kwa majirani.

Jumapili, 14 Septemba

Ploti yetu yote imemaliza!

Mama wa mboga amemaliza. Mzee wa mlango wa mwisho, yule wa fimbo, amemaliza. Nanyama amemaliza na ameikata mikono. Watoto wanavaa inafika kwa miguu, wanaburuta NIMEMALIZA kwa matope. Leo kwenye kamba ya nguo zilikuwa kumi na kitu, zote zinapanda upande mmoja, na mimi katikati yake nikianika nepi.

Nanyama akauliza, "Na wewe mbona huvai? Mwenye mbio ndiye hana?"

Nikasema bado.

"Bado nini? Ni nguo!"

Ni nguo, najua. Lakini nikiivaa sasa, nitakuwa na sababu gani ya kuamka na baridi ile?

Jumanne, 16 Septemba

Muema alivaa yake kazini, kule mjengoni. Jamani.

Foremani alimuuliza, ulikimbia ngapi? Yeye badala ya kusema nimepewa, akasema arobaini na mbili. Alisema lilimtoka tu. Mara jengo zima wanamwita Champion. Niaje Champion! Champion pita! Saa nne simiti ikafika, na lifti ya kuvutia mizigo imekufa. Foremani akasema, sisi tuna mtu wa pumzi hapa.

Amepandisha simiti mpaka orofa ya tano. Jioni alikuja ameshika ukuta. Nikamkanda miguu na maji ya chumvi huku nimeuma kanga nisicheke. Nikashindwa. Akacheka na yeye — Muema! Mpaka Mwongeli akaamka.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kasiva. Hii kitu unafanya ni ngumu."

Nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo. Sikujua kama nilikuwa nangoja.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua. Sikukimbia. Mtoto ana joto kidogo, amenyonya usiku wote. Nimewaza mambo mengi mabaya. Ati labda ni maziwa. Ati mama gani huyu.

Nimempeleka kliniki. Sista akamfungua mdomo, akacheka. Meno mengine mawili! Hakuna kingine. Nikamuuliza juu ya kukimbia na maziwa. Akasema kunywa maji mengi, kula, maziwa haina shida. Nikamuuliza na ile ya Susu, ya kumwaga ya kwanza? Akasema, haidhuru chochote, na kama inamfanya nyanya yake alale, mwaga.

Ijumaa, 3 Oktoba

Ni kesho.

Zedekiah ameniruhusu mapema. Alinifungia begi yeye mwenyewe, nikashangaa, si mtu wa kufungia watu mabegi. Nimefika nyumbani, nikafungua — tishati. Ile ya sawasawa! Maandishi yamenyooka kama rula. Nikampigia. Akasema, "Hizo ni chache, Kasiva. Wewe una mtoto wa kunyonyesha njiani, utafika zimeisha. Nimekutolea yako kabla sijazipeleka. Ni sisi tumezitengeneza, nani atauliza?"

Nimeshukuru. Ni roho nzuri.

Nimeitandaza kitandani, na Mwongeli akatambaa juu yake akaitemea udenda kwenye M. Muema ameiangalia, ameniangalia.  Nikamuuliza, ungekuwa wewe? Akasema, "Mimi usiniulize. Mimi nimebeba simiti."

Ni tishati ya mtu. Kuna mtu kesho atafika amechoka, anyooshe mkono, aambiwe imeisha, na hiyo yake iko kwa kitanda changu. Nimefua ule udenda. Itakauka kwa moto wa jiko.

Jumamosi, 4 Oktoba, alfajiri

Uwanja wa shule, Dagoretti. Nimerudisha. Dada mmoja wa maboksi ya tishati alishangaa, "Imetoka wapi?" Nikasema ilianguka. Ameitia boksini. Sasa hivi nimekuwa mwepesi, sijui ni tishati au ni choo nimeenda mara tatu.

Wametusomea sheria. Nyuma yetu kuna pikapu, inaokota waliochoka. Ukiwa mbele yake, wewe bado ni mkimbiaji. Ikikupita, umetoka.

Watu wana viatu vya rangi rangi kama peremende. Mimi raba zangu za mitumba ya Gikomba. Nanyama amenishika mashavu akaniombea kwa Kibukusu, amina nikaijua. Daftari naliweka kwa begi la nepi. Wanaita!

Jumamosi hiyo hiyo, njiani

Niko chini, kwa kivuli cha mashine ya unga. Mzunguko wa pili. Nanyoosha miguu, na Mwongeli ananyonya. Mkono mmoja uko huru na mwili wote umekataa, basi naandika. Nikinyamaza nitalia.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri! Nilimnyonyesha hapa kidogo, nikaenda. Jua likatoka. Kule Gitaru msuli wa nyuma ya paja ulinikaza, nikasimama nimeshika mti. Mama mmoja wa duka akatoka na maji akanimwagia mguu bila kuniuliza jina. Nikatembea. Nikakimbia kidogo. Nikatembea.

Pikapu ilinifikia hapa hapa, nikiwa nimekaa. Dereva anaitwa Jackton, ana fulana ya reflekta na kofia ya kijani. Nyuma amebeba watu saba wanakula ndizi. Akashuka.

"Mama, panda. Saa imesonga."

Nikasema mtoto ananyonya.

"Atanyonya ndani ya gari."

Nanyama akasimama mbele yake kama mlango. "Wewe hukunyonya? Ulizaliwa na mabati?" Wale saba wakacheka. Mmoja akasema, Jackton, usiguse hiyo maneno.

Jackton alikuna shingo. Akasema sheria ni pikapu ikikupita. Na haijapita, imesimama. Mtoto akimaliza kunyonya, yeye anawasha.

Basi hakuna mtu amewahi kunyonya mbele ya watu wengi hivi. Mwongeli hana habari. Anavuta vidole vyangu.

Muema amepiga simu. Yuko pale mwisho tangu asubuhi. Nilisikia kelele za spika. Akaita jina langu kwanza, nikajua.

"Kasiva. Tishati zimeisha."

"Zote?"

"Zote. Watu bado wanafika, wanapewa mkono tu." Kisha, "Nitakupa yangu."

"Yako imepinda."

"Najua." Nikamsikia anapumua. "Unataka nije nikuchukue na boda?"

Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilikuwa nadhani nikisikia hivyo nitavua viatu hapo hapo. Lakini nilikuwa naangalia ile kona mbele, penye mti wa mkaratusi, na nilikuwa nafikiria tu ni mguu upi nianze nao. Baada ya kona kuna msitu. Msitu ni kivuli. Kutoka msitu ni mteremko, halafu machinjio, halafu mlima ule mmoja.

Nikamwambia, ngoja hapo hapo.

"Nangoja," akasema. "Hata wakikunja mahema."

Mwongeli ameanza kufumba macho. Ananyonya mara moja, anapumzika. Mara moja, anapumzika. Jackton ameona. Amechukua ufunguo mfukoni. Mmoja wa wale saba amemwambia, si uangalie gurudumu kwanza, nilisikia kitu. Jackton hakusikia kitu, najua. Lakini ameinama, anapiga gurudumu la mbele kwa kiatu. Analishika. Anatikisa kichwa kama daktari.

Sasa la pili. Polepole! Huyu mtu ana mama.

Mdomo wa mtoto umelegea. Amelala. Nafunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Paja limenyamaza kidogo, au limekufa, tutajua nikisimama.

La tatu. Anatafuta jiwe ambalo halipo.

Amekuja kwa la nne, na ananiangalia mimi, si gurudumu. Nanyama, shika mtoto