Mke Mwenzake Bibi

Kwihara, Juni 1944

Kwa mume wangu, Baba Imakulata,

Shikamoo. Huku sote wazima. Karanga mwaka huu zimejaa mpaka uani, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Uliyoyasikia kwa ndugu yako Alois ni kweli. Tangu askari walipokuchukua mbele ya macho ya Imakulata kwenda kwenye mashamba ya mkonge, mwanetu hakusema neno. Mtu akibisha hodi tu, anajificha nyuma yangu. Watu wakasema amekuwa bubu. Mama yako akakataa. Kila asubuhi alimtania kama bibi anavyomtania mjukuu, akimwita mke mwenzake. Hajibiwi, na kesho anaanza tena.

Jana tulikuwa tunamenya karanga. Mama akamwambia, "Wee mke mwenzangu, mvivu wee! Kula unajua, kumenya hujui. Leo nakurudisha kwenu, babu nibaki naye peke yangu."

Mtoto akamkazia macho. Mara akapaza sauti, "Rudi wewe! Huna meno!"

Mume wangu, Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Mimi nilicheka huku nalia. Baba yako akachinja jogoo.

Leo tangu kupambazuke Imakulata hajanyamaza. Anawasimulia kuku, anawasimulia mbuzi, anakusimulia wewe kana kwamba umekaa hapa. Baba yako anaomba masikio yake yapumzike kidogo. Hatumpi ruhusa!

Mimi mkeo, ninayekuombea urudi salama,
Getruda