Mtoto Anayefuata Mapacha

Ubaruku, Mbarali
3 Juni 2024

Kwa mwanangu Shija,

Hujambo baba? Habari za Iyunga na baridi yenu ya Mbeya? Mimi huku sijambo, ni magoti tu, na hayo umeshayazoea. Kaka yako Kulwa anakusalimu. Tumemaliza kuvuna. Mpunga umekubali mwaka huu, na panya nao wamekubali.

Umeniuliza kwa nini bado nanunua mashati mawili kila tukivuna. Sisi Wasukuma hatumpi pacha mmoja tukamnyima mwenzake, hata kama mwenzake yuko kaburini. La Kulwa nampa, la Doto naliweka sandukuni. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiyavaa hayo ya Doto, unayachana kwenye miiba, na mimi najifanya sioni.

Lakini hili la kutaka nikueleze siku aliyokufa, yaani saa ngapi na upande upi wa mfereji, limenishtua. Haya, naandika. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, mwezi wa sita mwaka tisini na mbili, jua linaelekea kuzama. Walikuwa wakinywesha ng'ombe kwenye mfereji mkuu, pale langoni mwa maji. Ndama akateleza, Doto akamfuata. Kulwa alipiga kelele lakini wakubwa wote tulikuwa mnadani. Angekuwepo mtu mmoja tu wa kumshika mkono, leo Doto angekuwa na ndevu.

Sasa niambie habari hizi ni za nini.

Ni mimi mama yako.


Iyunga, Mbeya
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Msalimie Kulwa, na pole kwa magoti.

Mama, kazi ninayofanya kwa mzee Ambrosi, yule mhandisi mstaafu, sikukueleza yote. Nilisema nachomelea vyuma, na ni kweli nachomelea, mikono yangu imejaa makovu ya cheche. Ila tunachotengeneza ghalani kwake ni chombo, ukubwa wake kama tangi la maji. Kinampeleka mtu kwenye siku zilizopita, chenyewe kinabaki ghalani. Usicheke. Tulianza na kuku. Alirudi amelowa matope ya masika, na hapa ni vumbi tupu.

Chombo kina sanduku la chuma. Kilichomo ndani yake hakibadiliki, hata huku nje mambo yakibadilika. Barua zako zote nimeziweka humo.

Jumamosi naenda mferejini. Sitagusa kitu kingine. Nitamshika Doto mkono, nimkabidhi kwa Kulwa, nirudi. Nimekua nikivaa mashati ya mtu aliyekufa, mama, nikikuona unavyoniangalia kila nikiyavaa. Nimechoka kuangaliwa hivyo. La mwaka huu mwekee, atalivaa mwenyewe.

Mwanao, Shija.


Ubaruku
13 Juni 2024

Shija,

Leo sina salamu ndefu. Nakupigia tangu jana, simu haipatikani. Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri, nimemwapisha aifikishe.

Usiende.

Nilikuficha kwa aibu. Doto alipokufa, baba yenu hakuwa nyumbani. Alikuwa Ruaha Mbuyuni, kwa mwanamke mwingine, wanalima vitunguu, na alishaniambia kwamba harudi. Msiba ndio uliomrudisha. Alilia kuliko mimi, akakaa msimu mmoja, ndipo wewe ukaingia tumboni mwangu. Halafu akaenda zake moja kwa moja.

Unanielewa, baba? Bila lile kaburi wewe hupo. Sikukuangalia vile kwa sababu ya mashati. Nilikuwa naogopa kwamba nimekupata kwa bei hiyo na bado nakupenda.

Mwache Doto alipolala.

Mama yako, nakupigia magoti, hayahaya mabovu.


Iyunga
16 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea salamu hii.

Nilimshika. Alikuwa ameng'ang'ania mkia wa ndama, maji yamefika mdomoni. Mkono wake ulikuwa mdogo, wa baridi, na hata nilipomtoa hakutaka kuniachia. Kulwa alitukodolea macho kama ameona jini. Nikaondoka.

Niliporudi, mwenye nyumba wangu aliniuliza kama natafuta chumba cha kupanga. Nikapiga namba yako, akapokea mwanamume: "Doto hapa, nani mwenzangu?" Nikakata. Nililia kwa furaha, mama.

Ndipo nikakuta barua yako ndani ya sanduku. Mzee Ambrosi anasema aliipokea Jumamosi, nimeshaondoka, akaitia humo. Leo asubuhi ameniuliza jina langu mara mbili. Yule kuku naye alitupotea hivyohivyo. Tuliona manyoya ghalani, tukaulizana kama tuliwahi kufuga.

Chombo kinaweza kunipeleka tena mara moja tu. Naweza kurudi palepale mferejini, nijizuie, mkono ule uachiwe. Nitabaki kuwa mwanao. Naogopa kuisha, mama. Kumwua naogopa zaidi. Mkono wake bado nausikia kwenye wangu.

Niambie wewe. Uniambie niachie au nisiachie, nitafanya. Nasubiri.

Mwanao, Shija.


Ubaruku
2 Julai 2024

Kwa ndugu Shija, fundi, kwa mzee Ambrosi, Iyunga,

Salamu sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana uliyoniandikia yamenitia hofu. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Unisamehe, sikujui. Mwanzoni nilidhani ni tapeli anayetaka nitume kitu. Nikampa mwanangu Doto asome. Jioni akasema kweli yupo mtu aliyemtoa mferejini utotoni, mikono yake ina makovu ya moto. Yeye na Kulwa tulikuwa tukiwaambia wameota. Kama ndiye wewe, Mungu akubariki. Nina wajukuu wanne kwa Doto.

Unaniuliza uachie mkono au usiachie. Ndugu yangu, utamwulizaje mama swali hilo? Usiachie. Nakuomba, chochote kitakachokupata, usimwachie mwanangu. Na haya unayosema ya kuisha yananisikitisha. Kama una mama, nenda kwake upesi.

Mimi watoto wangu ni hao mapacha tu. Baba yao alikwenda Ruaha Mbuyuni hakurudi. Kwetu anayefuata mapacha huitwa Shija, kwa hiyo jina lako limenigusa. Nilimsubiri sana. Nilimnunulia hata shati dogo, bado liko sandukuni, halijavaliwa na mtu.

Doto anakuja Mbeya kukushukuru, barua hii anakuletea yeye, pamoja na shati hilo. Kama una mtoto mdogo, mvishe.

Ni mimi, Mama Kulwa.